Tumbo Iko Muzuri

Mama yangu alifika Bunia kutoka Fataki na muguu umevimba mpaka kwa goti. Jembe lilimukata shambani, kidonda kikaoza. Hopitali walimulaza, wakamuwekea antibiotiki za nguvu ndani ya mushipa. Muguu ukaanza kupona vizuri. Kisha tumbo ikaanza.

Nilijua mimi peke yangu, kwa sababu ni mimi nilikuwa garde-malade wake: kumupikia, kumuosha, kulala chini pembeni ya kitanda. Vikwembe nilifua asubui, mangaribi nafua tena. Ilianza maji-maji tu, ikafuata makamasi, kisha damu. Mama wa kitanda cha jirani alitutuliza: "Muache, dawa iko inasafisha." Inasafisha nini, na mutu hajakula? Lakini mama yangu alipenda hilo neno, akalishika.

Shida ilikuwa bwana yangu. Si mutu mubaya. Ni mwalimu, na dokta alitoka Kinshasa, Kiswahili chetu hasikii. Basi kila asubui bwana yangu alisimama kwa miguu ya kitanda kututafsiria. Dokta anauliza kwa Kifaransa, yeye anageuza: "Mama, tumbo iko namna gani?" Na mama, kikwembe mpaka kwa kidevu, anajibu: "Iko muzuri, mukwe."

Muzuri! Nilitamani kutupa sahani. Lakini kwetu mama hata kula hali mbele ya mukwe wake, sasa atamuelezea habari ya choo? Nilimuvuta bwana yangu kwenye koridoo, nikamuomba amuambie dokta. Akaangalia viatu vyake. "Mambo ya tumbo ya mama-mukwe nitaitia mu kinywa yangu namna gani? Mwenyewe amesema muzuri." Nikamuambia infirmieri, muuguzi wa zamu, akaongeza serumu, yale maji ya mushipa, akaenda zake. Nikarudi kwa mama. "Ukisema mbele ya mukwe wangu," akaniambia, "weye si mutoto wangu tena." Na ni yeye huyu aliyetuimbia siye mabinti wake kila siku: muficha uchi hazai.

Siku homa ilimupanda na tumbo ikawa ngumu, sikungojea Kifaransa cha mutu. Dokta alipofika kwa kitanda chetu nilivuta beseni ya choo chake kutoka chini ya kitanda, nikaondoa kitambaa, nikaiweka mbele ya miguu yake. Bwana yangu akageukia dirisha. Mama akageukia ukuta.

Dokta aliinama, akaangalia. Aliamuru ile dawa ya muguu ikatwe palepale, akaandika ingine. Bwana yangu alinitafsiria huku akiangalia inje: antibiotiki yenyewe ndiyo iliyochoma utumbo. Tungechelewa kidogo, tungemuzika. Na ugonjwa huu unaweza kurudi, tuchunge sana.

Alipona, Mungu asifiwe. Mimi hakunisemesha. Akitaka maji, alimuambia mama wa kitanda cha jirani, naye ananiambia mimi, nami niko nimeketi palepale.

Sasa mama iko kwetu, huku Shari. Jana bwana yangu alirudi kutoka masomo, akasimama mulangoni, akauliza kwa upole wake wote: "Mama, tumbo iko namna gani?"

"Iko muzuri, mukwe."

Nikaamka, nikaenda kuangalia beseni.