Juzuu Kumi na Mbili za Mjapani

Katika ofisi ya mizigo Sharafiya, hapa Jeddah, dada mmoja Mkenya alikalia sanduku la vitabu ili lifungike kabla lori halijaondoka. Nikaona majalada ya dhahabu yenye herufi za Kiarabu.

"Unakalia maneno ya Mungu!" nikafoka. Nikatwaa kimoja, nikakifungua na kubusu ukurasa.

"Mzee, hizo ni riwaya za Mjapani, za vita vya zamani, zimetafsiriwa kwa Kiarabu. Nilikuwa namsomea mamake madam, bosi wangu, akanizawadia zote. Hapo ulipobusu, jamaa anakatwa kichwa."

Nakiri, tangu madrasa nasoma herufi hizo bila kuelewa maana. Yeye ni Mkristo, na anaelewa kila neno.

"Yalla, twende!" dereva wa lori akaita.

"Mzee, wewe ni mzito," dada akasema. "Kalia wewe."

Nikamwomba Mola msamaha, nikavikalia vita vyote vya Japani. Sanduku likafungika.