Paa Jipya Nyuma ya Jikoni

Kazi ya Phelista ilikuwa kuchora mipaka ya mapaa. Katika chumba alichopanga mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, alifungua kwenye kompyuta picha zilizopigwa kutoka angani, akabofya pembe za kila paa mpaka nukta zikaungana na umbo likafunga. Kisha akalipatia jina: nyumba, jiko au ghala. Kwa nini watu wa mbali walitaka kujua mapaa ya wenzao, hakuna aliyemweleza.

Kazi hiyo aliianza baada ya ndoa yake kule Moi's Bridge kuvunjika na kumwacha na mtoto mdogo, na mpaka sasa ilimchanganya. Paa likifunikwa nusu na mparachichi, achore sehemu inayoonekana tu, au akisie na ile iliyojificha? Kinyua, msimamizi wao, alimrudishia picha kila mara. "Fuata mabati, Phelista. Kivuli si nyumba, bana."

Asubuhi moja ikafunguka picha iliyomfanya asogeze kiti. Barabara ya udongo wa murram ikipinda kanisani, safu ya mikaratusi, paa lenye kutu upande mmoja ambalo baba yake hakumaliza kulibadilisha. Kwao, Kabuchai!

Akachora nyumba kubwa, akachora jiko. Nyuma ya jiko, pale mama alipokuwa akipanda mboga za sukuma, bati jipya lilimetameta. La nani? Kaka zake walishajenga zamani, upande wa miwa. Au baba ameoa mke mwingine? Akajicheka. Halafu kicheko kikamkauka.

Akampigia mama yake, Rosaline.

"Mama, hiyo nyumba iko nyuma ya jikoni ni ya nani?"

"Nani amekuambia?"

"Nimeiona kwa kompyuta."

"Ati kompyuta inaona mpaka huku? Woi! Wewe kuja tu, uongee na baba yako."

Jumamosi akaenda. Baba yake, mzee Eliakim, hakuzunguka sana. Alimpeleka nyuma ya jiko, akafungua kufuli, akasimama kando.

"Ni yako."

Phelista alitazama sakafu ya saruji, akamtazama mzee. "Yangu namna gani, baba?"

"Ndugu zako wamesema msichana hajengewi kwa baba yake. Wakoli mpaka leo hanisalimii. Nikawaambia hii boma bado ni yangu."

Alipaswa kushukuru, alijua. Lakini kilichomtoka ni kingine. "Kwa hivyo umeona sitaolewa tena? Umenimaliza hivyo?"

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Sijasema hivyo. Hata sijui nimesema nini, mwanangu. Krismasi ulilala jikoni na mtoto, kama mgeni. Mimi sikupata usingizi. Ni hiyo tu."

Phelista akataka kulia, akataka kukasirika, akataka kumshika baba mkono, na hakufanya hata kimoja. Huko nje kaka yake Wakoli alipita na jembe begani bila kugeuka. Moyo ukamuuma: nyumba hii ilikuwa imempa mahali, na imemnyang'anya ndugu.

Mama akaleta kiti, akakiweka katikati ya chumba kitupu. Phelista akakaa. Baba akauliza, kwa sauti ya chini, kama dirisha liko upande unaomfaa.

"Liko sawa," akasema. Kisha, bila kujua kama kwa hilo ameikubali nyumba au ameikataa, akaongeza, "Lakini ningependa lingine, huku kwa barabara."