Salamu za Mama Feza

Mpaka leo nasikia grupe, ile jenereta ya umeme ya redio yetu ya Kasongo: ilikohoa mara mbili, ndipo ikawaka. Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama kando yake nikicheka peke yangu, maana redio niliiota tangu utoto, na masomo yangu hayakufika mbali. Shefu tekniki hakucheka. Alinikalisha mbele ya ordinateri, kompyuta ya studio, akanifundisha kutunza sauti.

Diski, alieleza, hupigwa picha: mafaili yote hubaki yalivyokuwa saa ile. Picha moja huachwa wazi, watangazaji wanakata na kubandika ndani yake. Nyingine hufungwa, ni ya kusoma tu. Utasikiliza, utatoa kopi, lakini hutabadili kitu.

"Ile ya wazi ni chakula," alisema. "Ile ya kufungwa ni mbegu. Usiipike."

Baadaye nilitumwa kwenye redio ndogo ya Kabambare. Huko esansi, petroli ya grupe, ilikuwa shida, kwa hiyo watangazaji walikata salamu kwenye rekodi. Na mutu wa kwetu akisalimia, anasalimia kweli: ukoo, majirani, hata mashamba. Bila salamu, kipindi kiliisha kabla grupe haijazimika.

Asubuhi moja diski ilijaa, na kuna mgeni mkubwa alikuwa njiani kuja kurekodiwa. Papa Direkta, mkuu wa redio, akasimama nyuma yangu, akaniambia nifute picha ya kufungwa.

"Iko vitu vilevile mara mbili, mwanangu."

Kabla sijajibu, pikipiki ikafika kutoka Wamaza. Akashuka dada mmoja, Feza, matope mpaka magotini. Mama yake alikuwa amefariki, na kesho yake wangeondoa matanga. Marehemu aliwahi kuja kwetu kueleza kilimo cha mpunga. Walitaka sauti yake.

Nikafungua diski: mpunga upo, salamu hazipo. Picha ya wazi, vilevile.

Feza akasema polepole, "Ya mpunga tunaijua. Alinisalimia kwa jina. Nilikuwa Kasongo, sikumusikia."

Nikamwambia Direkta tukifuta ile ya kufungwa, mama huyu hatutamupata tena. Akatazama barabara, akatazama esansi iliyobaki.

"Basi naenda kumupokea mgeni," akasema. "Nitamusalimia sana."

Nikaifungua picha ya kufungwa, niliyoipiga kabla salamu hazijakatwa. Grupe ikakohoa, taa zikafifia, zikarudi. Kopi ilienda polepole kwenye simu ya Feza. Kisha sauti: "Na Feza wangu, mwenye kuwa Kasongo, umekula?"

Feza akakaa chini sakafuni. Nje, dereva wa pikipiki alikuwa ameacha kupiga honi.

Tulifuta picha ya wazi. Nafasi ikapatikana kidogo, ikamtosha mgeni.

Sasa nimeolewa Lusangi, kazi nimeiacha, na ndoto zangu bado ni nyingi. Nyinyi mnaoanza, kateni mtakavyo, lakini kwanza fungeni moja.

Siku yangu ya mwisho, wenzangu walipokwenda kula, nilivuta maikrofoni nikamsalimia mama yangu, na majirani wake wote, na mihogo yake. Sikukata neno. Nikapiga picha ya diski, nikaifunga.