Maji ya Udhu ya Bi Aliya

Shangazi yangu Khairiya anapendeka na anachosha kwa kipimo kimoja, na nalisema hili nikiwa nakaa kwake mwaka wa nne sasa, tangu nilipopewa talaka yangu nikarudi mtaani kwetu Langoni na begi moja. Ana miaka hamsini na moja. Ni mpambaji wa maharusi. Anapaka hina, anachora piko, anasuka, anatia asumini, na bibi arusi akilia anamfuta machozi kwa ncha ya leso bila kuharibu wanja. Tangazo la kazi yake lilikuwa kichwani mwake mwenyewe. Nywele zake zilifika kiunoni, nyeusi na nzito, na wasichana walikuwa wakimwambia, "Nisuke ziwe kama zako." Alikuwa akiwajibu kwamba yeye ni msusi, kuumba hakujui.

Rafiki yake ni Bi Aliya, mzaliwa wa Siyu, aliyeolewa nyumba ya pili kutoka kwetu akiwa msichana. Wawili hao walikuwa hawapitishi siku bila kuonana, na kila siku waligombana, kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya kiti, kwa sababu ya nani alianza kusema. Shangazi alipojifungua binti yake Jamila akashikwa na homa kali, Bi Aliya ndiye aliyemnyonyesha mtoto wiki nzima pamoja na wake. Kwa hiyo Jamila ana mama wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa maziwa, na hilo kwetu si jambo la mzaha.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwezi wa Rajabu tulikuwa kwenye harusi moja, ndani, wanawake watupu, mabuibui yametundikwa na vichwa viko wazi. Shangazi alifungua nywele azisuke upya. Bi Aliya akapita nyuma yake, akazishika, akasema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Khairiya, nyele hizi utazipeleka wapi? Wasichana wote hawa hapana wa kukufikia." Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka.

Wiki tatu baadaye baka la kwanza likatokea nyuma ya sikio, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, laini, halina hata unyoya. Likafuata la pili utosini. Hadi Ramadhani inaingia yalikuwa matano, na hakuna aliyejua. Alianza kuvaa mtandio hata ndani ya nyumba, hata jikoni, na binti yake Jamila akaninong'oneza sikioni kwamba mama amezidi ucha Mungu.

Mimi niligundua kwa pua. Nyumba ilinuka kitunguu na hakuna kilichokuwa jikoni. Paka wa mtaa walikuwa wamekaa mlangoni, wanangoja. Nikapanda juu nikamkuta shangazi amekaa kitandani, kichwa wazi, anajipaka maji ya kitunguu kwa kipande cha pamba, na machozi yanamtoka. Nikadhani ni kitunguu. Nilipoona kichwa chake nikakaa chini, na mimi si mtu wa kukaa chini haraka.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata Jamila."

Sikumwambia mtu. Nilimpeleka hospitali, akapokewa na tabibu mmoja wa bara aitwaye Fanuel, kijana mpole, akamwangalia kichwa kwa makini. "Mama, hii si fangasi na si uchafu," akamwambia. "Ni mwili wenyewe unashambulia mizizi ya nywele. Mara nyingi zinarudi zenyewe, lakini inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Tunaweza kujaribu sindano za hapo kwa ngozi." Njia nzima ya kurudi shangazi alikuwa amekasirika. Mwili wake ameulisha na kuuvisha miaka hamsini na moja, akaniuliza, leo uanze kumla nywele kwa kosa gani? Sindano hakuzitaka. Alirudi kwenye kitunguu, kisha akahamia kitunguu thomu, na kwa kuwa hajui kiasi, alikiponda kibichi, akajifunga nacho kitambaa akalala. Asubuhi yake alikuwa na malengelenge juu ya mabaka. Nilimfokea, nakiri.

Lakini maumivu yake yalikuwa mahali pengine. Alikuwa ameshajua, kwa hesabu yake mwenyewe, nani amemfanyia. Bi Aliya alisifu na hakusema Mashaallah. Alizishika nywele kwa mkono wake, akazisifu mbele ya watu, na neno lenyewe la kinga halikutoka. "Ni ito," akaniambia, yaani jicho baya. "Si kwa kutaka, huenda. Lakini ni ito lake." Akaacha kwenda kwake. Bi Aliya akija, shangazi yuko kwenye sala. Akija tena, shangazi amelala. Idi ikaja, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hawakupelekeana sahani. Bi Aliya alisimama kwenye ukumbi wetu na sinia ya vitumbua mkononi, nikamdanganya kwamba shangazi anaumwa kichwa. Akaiweka sinia juu ya baraza, akaondoka. Ningependa kusema kwamba vitumbua vilinikwama kooni, lakini nilivila vyote na aibu yangu.

Na harusi ya Jamila ilikuwa imeshapangwa Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani.

Mgeni hawezi kuelewa uzito wa jambo hili mpaka aelezwe. Siku ya kupamba, bibi arusi huketishwa mbele ya wanawake wote wamtazame, na mama yake hukaa karibu naye, amejipamba, kichwa wazi. Wako pia wanawake wanaokuja kutazama bila ya mwaliko. Hao hukaa pembeni na mabuibui yao, nyuso zimefunikwa, na hakuna anayewafukuza. Kwa hiyo mwenye kujifunika kwenye harusi ya wanawake, watu humhesabu kuwa hakualikwa. Shangazi angekaa vipi na mtandio kichwani kwenye harusi ya mwanawe wa pekee? Na angeuvua vipi? Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, na la pili, ambalo hakulitaja, ni kwamba mama wa maziwa naye ana kiti chake siku hiyo.

Akaenda kwa Maalim Khatib. Maalim alimsomea, kisha akamwambia jambo lililo wazi katika dini yetu: ukimshuku mtu kwa jicho, mwombe atie udhu, uchukue yale maji ujimwagie. Akamsisitiza amwombe kwa wema, uso kwa uso, kwa sababu wapenzi ndio wanaosifu sana. Shangazi alirudi na nusu ya nasaha. Maji aliyataka. Uso kwa uso hakuutaka.

"Wewe utakwenda," akaniambia. "Ukamsaidie kazi. Akitia udhu wa alasiri, weka beseni chini, umwambie unaogopa matope. Ukapate hata kikombe."

Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa darasa la sita, nikatoka mchana na chupa ya soda ya lita moja ndani ya buibui, kwenda kuiba maji ya miguu ya jirani. Bi Aliya alinipokea vizuri. Nilimchambulia mchele, nikamsifia mapazia. Alasiri ilipoadhiniwa akaenda uani kutia udhu, nami nikasukuma beseni chini ya bomba. Akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso. Alipofika kwenye miguu akasimama, mguu mmoja juu, akaniangalia. Chupa ilikuwa imeshatokeza kwenye buibui.

"Nour," akasema. "Nani mgonjwa?"

Ningeweza kudanganya. Nimezoea kudanganywa na wanafunzi arobaini na wawili, ninajua namna. Lakini alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akiningoja, na nikamwambia yote, mabaka, kitunguu, Rajabu, jicho. Akamaliza udhu wake. Akasali. Nami nimekaa uani na beseni langu. Alipomaliza alitoka, akayamimina yale maji kwenye ndoo, yote, akavaa buibui, akashika ndoo.

"Tangulia," akasema. "Ndia waijua."

Shangazi alikuwa juu. Aliposikia hatua za watu wawili akajifunika haraka. Bi Aliya akaiweka ndoo chini katikati ya chumba, akahema, maana ngazi zetu hazina huruma.

"Mai yangu haya uliyoyataka. Vua mtandio nikumwagie mwenyewe."

Shangazi akasema hana haja, kwamba ni mimi niliyebuni mambo. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima tu.

"Khairiya. Tangu Ramadhani wanifungia mlango. Nimekaa nikahesabu makosa yangu yote tangu tujuane, sikuliona. Kumbe ni kwa sababu nimekusifu. Vua."

Shangazi akaanza kulia kabla ya kuvua. Bi Aliya mwenyewe aliuondoa mtandio, taratibu, akakiona kichwa chote, mabaka na malengelenge ya thomu yaliyokuwa yakikauka. Hakushtuka wala hakusema pole. Alimwinamisha juu ya beseni, akammwagia yale maji kwa kata hadi yakaisha, akisoma kimoyomoyo. Kisha akavua buibui akatuonyesha utosi wake mwenyewe, akizitenganisha nywele kwa vidole.

"Hapa," akasema. "Alipokufa mume wangu, mwaka ule. Mabaka mawili. Nani aliyenitia ito, maiti?"

Walikuwa majirani wakati ule, wanaonana kila siku, na shangazi hakujua. Nadhani hilo lilimuuma kuliko mabaka.

Kuanzia siku hiyo Bi Aliya alikuja kila baada ya alasiri. Kaka yake Twahir alimkusanyia majani ya mkunazi kule Siyu, akayafikisha gatini Mtangawanda, na nahodha wa boti akatuletea mfuko kila wiki pamoja na mizigo ya watu. Bi Aliya aliyatwanga, akayavuruga na maji ya uvuguvugu mpaka yakatoa povu, akamkosha nayo kichwa. Mara ya kwanza shangazi alikataa, kwa kuwa majani hayohayo ndiyo tunayooshea maiti. Bi Aliya akamwambia atulie, akifa watatumia yaliyobaki. Kisha alimpaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, yametiwa habasoda, akiyasugua kwa ncha za vidole polepole huku wakigombana kuhusu orodha ya walioalikwa. Vitunguu vilipigwa marufuku. Kioo pia. Simu yangu nikaambiwa niiweke mbali.

Na neno moja hakulisema. Shangazi akiuliza, "Yaota?" Bi Aliya anajibu, "Mimi sisemi kitu. Ito langu baya, umesema wewe." Akiuliza kesho yake, jibu ni lilelile. Alimwadhibu hivyo wiki kumi, kwa mikono laini kabisa. Mimi niliona yanayoendelea, vinyoya vya kwanza, vyembamba, nikakodolewa macho nikafunga mdomo.

Nywele zilirudi, lakini zilirudi nyeupe. Mabaka matano, meupe pe, mafupi, katikati ya nywele nyeusi ndefu. Wiki ya harusi shangazi aliruhusiwa kioo, na alikaa nacho muda mrefu. Nilimwambia tuyatie piko nyeusi, hakuna atakayejua. Akanijibu kwamba ngozi imetoka vitani juzi, hataitia dawa ya rangi, na kwamba hata hivyo amechoka kuficha. Alisema hivyo Jumatatu. Jumatano alikuwa amenunua mtandio mpya wa hariri, wa rangi ya gauni lake.

Siku ya kupamba ukumbi ulijaa. Jamila alikuwa amekaa juu ya kiti chake, mzuri mpaka nikasahau kumwonea wivu. Shangazi alimpamba kwa mikono yake tangu asubuhi, kisha akaja kukaa mahali pake, na mtandio wa hariri kichwani, ameushika chini ya kidevu. Wanawake wakaanza kutazamana. Jamila aligeuza shingo, jambo ambalo bibi arusi hatakiwi kulifanya, akamwangalia mama yake. Alikuwa ameshaambiwa yote usiku wa hina, na alikuwa amelia ya kutosha.

Shangazi akauvua. Aliukunja mara nne, akauweka mapajani. Alikuwa amesuka zile ndefu nyuma, na yale mabaka meupe hakuyafunika hata kwa ua moja la asumini.

Wanawake wakanyoosha shingo. Nilisikia bangili za mtu. Nikawa tayari kugombana na yeyote, nilishachagua wa kuanza naye.

Ndipo Bi Aliya akasimama, kutoka nyuma kabisa kati ya wale waliojifunika pembeni, kwa kuwa alikuwa ameapa hakai kwenye kiti cha mama mpaka mwenzake aoneshe kichwa. Akavua buibui lake hapohapo. Akapita katikati ya watu, akaweka kiganja juu ya utosi wa shangazi, juu ya weupe wenyewe.

"Mashaallah," akasema, kwa sauti ile isiyojua kunong'ona. "Mashaallah. Mashaallah. Nyele za mwenzangu hizi."

Vigelegele vilipopigwa vilianzia kwa Jamila mwenyewe, na hilo nalo bibi arusi hatakiwi kulifanya.

Hadi leo mtaani wanabishana kilichomponya. Wengine wanasema mkunazi, wengine habasoda, Maalim anasema dua, na tabibu Fanuel nilipokutana naye sokoni alisema alitueleza tangu mwanzo kwamba zinaweza kurudi zenyewe. Mimi sijui, na shangazi hataki kujua. Siku ile alimwangalia rafiki yake juu, macho yamejaa, akasogea, akapigapiga nafasi ya kiti iliyobaki.

"Umelichelewesha neno miezi mitano," akamwambia. "Kaa."