Mpaka Mashapo Yashuke

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu yake. Nilitoka Bagamoyo bila mpango wowote, kifurushi begani, nikaifuata barabara ya Dar kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa mbele ya mlango wangu. Shule niliiacha mapema. Useremala niliuacha kabla kigoda changu cha kwanza hakijapata mguu wa tatu. Wazee husema mtembezi hula miguu yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kula hadi magotini.

Alasiri, karibu na Mapinga, upepo uliniletea harufu ya nanasi bivu, tamu na ya mbali, kama nanasi linaloota ndoto. Nikaiacha lami, nikaifuata hadi kwenye shamba dogo lenye nyumba ya kuta nene.

"Hodi!"

"Karibu, ila usiegemee hizo mbao!"

Ndani palikuwa na ubaridi na giza jepesi. Mbao zilijaa matundu, na kila tundu lilishika chupa, shingo chini, kitako juu, kama popo waliolala. Mzee mmoja alisimama katikati yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoka wapi, waenda wapi?"

"Natoka Bagamoyo. Ninakokwenda sijakujua bado."

Mkewe, Bibi Salome, alikuwa akimenya nanasi mlangoni. Akacheka. "Mzee Klementi, tumeletewa mbuzi aliyekata kamba!"

Udadisi ndio ugonjwa wangu, nikauliza kila kitu. Walitengeneza mvinyo wa nanasi wenye povu. Shamba walililisha samadi iliyolala ardhini ndani ya pembe za ng'ombe, na kila kazi waliuuliza mwezi kwanza. Mvinyo ukichachuka mara ya pili ndani ya chupa, huacha mashapo. Chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kila siku, mpaka mashapo yateremke shingoni, yatolewe.

"Kwa mkono mmoja tu," mzee alisema. "Kila mkono una mwendo wake. Ukibadilisha katikati, mashapo huamka."

Jioni hiyo mwezi ulikuwa unaandama, na kazi ilipaswa kuanza. Lakini mkono wa mzee ulitetemeka tangu alipougua.

"Na wangu umezoea jembe," alisema Bibi. "Nikishika chupa, inalia."

Mavuno yao ya mwaka mzima yalining'inia pale, yakingoja mkono.

"Nipeni mimi," nikasema.

"Utakaa mpaka lini?" aliuliza mzee.

"Mpaka miguu initume kwingine."

"Basi hiyo miguu ikalale kwa jirani!" alisema Bibi.

Mzee hakucheka. Alinielekeza kwenye chupa moja dirishani. Upande mmoja ulikuwa na ukungu, mwingine uling'aa kama asali.

"Njia unazijua nyingi," aliniambia taratibu. "Je, umewahi kukaa mahali mpaka ukaona kitu kikitakata?"

Niliipitia moyoni miji yote niliyopita; kila mmoja niliuacha ungali na ukungu. Nje, mwezi ulikuwa umetokeza, mwembamba kama ukucha. Nilisikia kama chupa zinapumua.

"Nitakaa mpaka mashapo yashuke," nikasema.

Bibi akaleta mkeka na chandarua, akavitandika pembeni mwa zile mbao. "Utalala hapa, mzoeane na chupa. Mlango huu haufungwi kwa nje."

Nikashika chupa ya kwanza, nikaizungusha kidogo. Haikulia.

Yalishuka, mwanangu. Na povu lililotoka halikuwa na doa.

Sikukatazi kutembea, nami nilitembea tena baadaye. Nakuusia hili: popote uendapo, shika kitu kimoja ukisindikize mpaka kitakate, ndipo uage. Usiache kazi ya watu katikati, maana mashapo unayoyaamsha watayanywa wengine. Mungu akupe njia ndefu, akupe na mlango usiofungwa kwa nje, na moyo wa kubaki ndani yake hadi kazi iishe.