Mafuta Kabla ya Rangi

Mume wangu alifariki ghafla, tukamzika kwao, kijiji cha jirani na Hombolo. Tuliporudi nyumbani mjini, dada yake alikuja kukaa nasi hadi siku ya kuanua tanga. Wifi yangu ni mtu wa mila hasa. Katika ukoo wao mfiwa hapaki mafuta wala hasuki mpaka siku hiyo, ndipo wote hunyolewa. Mimi natokea Kondoa, kwetu kuna taratibu zetu, lakini nilinyamaza. Sikuwa na nguvu ya kubishana hata na mbu.

Shida ilikuwa binti yetu. Alikuwa darasa la pili, na tangu uchanga ana pumu ya ngozi. Upepo wa mwezi wa saba hapa Dodoma unampasua mtu mzima visigino, sembuse yeye. Kumpaka mafuta ilikuwa kazi ya baba yake, kila jioni, na vicheko vyao vilikuwa vinafika mpaka kwa jirani. Sasa alikuwa hapakwi, na mikunjo ya viwiko ilianza kuchanika. Usiombe uone mtoto anajikuna huku amefumba macho.

Na shuleni kwao kulikuwa na tamasha la rangi, watoto wanavaa fulana nyeupe na kurushiana unga wa kila rangi mpaka hawatambulikani. Alikuwa amelisubiri tangu baba yake yu hai. Sikuwa na moyo wa kumwambia asiende. Jirani, ambaye binti yake anasoma naye, alisema atampeleka.

Asubuhi hiyo mafuta ya nazi yalikuwa yameganda kwa baridi, nikaiweka chupa kwenye beseni la maji ya moto. Wifi akaniona.

"Hayo ya nini?"

"Ya mtoto. Ule unga ukimwingia kwenye mipasuko atawaka moto."

"Wifi, kwenda aende, mtoto ni mtoto. Mafuta hapana. Tanga halijaanuliwa."

Loh! Hapo mdomo wangu ukakatika breki. "Huyo unayemlilia ndiye aliyekuwa anampaka! Unadhani huko aliko anafurahi mwanawe akitoka damu?" Nilisema kwa sauti, hata jirani aliyekuja kumchukua mtoto akaganda mlangoni.  Wifi alijifunika khanga, akageukia ukuta.

Nikaanza kumpaka. Shingoni, nyuma ya masikio, pembeni ya kucha ambako rangi hung'ang'ania. Mtoto akanishika mkono.

"Siyo hivyo, mama. Baba anayapasha kwanza mikononi."

Anayapasha, alisema. Siyo alikuwa anayapasha. Nikayapasha. Nilijikaza machozi yasimdondokee, maana nayo yangemwasha.

Kichwani nikamtia mafuta mengi, nikamfunga kilemba cha kipande cha khanga, nikakikaza vizuri. Wifi akasema akiwa bado anatazama ukuta, "Nywele unazihangaikia za nini? Kesho tunamnyoa, zinapelekwa kuzikwa pembeni ya baba yake."

"Mpaka kesho ni za mwanangu," nikamjibu.

Mchana akarudi. Jamani! Meno tu ndiyo yalikuwa meupe. Nikamvua fulana haraka nikague viwiko, rangi ikafutika kwa kitambaa, ngozi chini nzima. Nikashusha pumzi. Kisha nikatazama kichwa. Kilemba hakuna. Nywele zilikuwa waridi, njano, bluu, zimeshikana kwa yale mafuta.

"Kilemba kiko wapi? Si nilikwambia usikivue, wewe mtoto?"

"Nilikivua makusudi," akasema. "Baba alisema siku ya rangi atakuja anione. Sasa hawezi kuja. Shangazi amesema nywele zinaenda kwake."

  Wifi alikuwa ameinuka mkekani. Tangu mazishi alikuwa hajalia mbele yangu, alikuwa anasimamia tu, huyu akae hapa, yule apike pale. Alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, rangi ikamjaa viganjani. Tulimwogesha pamoja, shingo kwenda chini. Kichwa hatukukigusa.

Kesho yake kijijini wifi mwenyewe alishika wembe. Alinyoa polepole, akakinga nywele kwa kitambaa cheupe asipoteze hata moja. Mtoto alitulia tuli. Tulipomaliza kuzifukia pale pembeni ya kaburi, aliinua kichwa chake kipara kilichokuwa bado na madoa ya bluu, akaniuliza:

"Mama, ameziona?"

 Wifi ndiye aliyejibu. "Ameziona, mwanangu."

"Mbona hasemi kitu?"

Wifi akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye.