Papai la Mzee Kiti

Dama huchoma mishkaki Kibokoni, mbele ya baraza ya Mzee Kiti, na ni miaka kumi na miwili sasa. Alipokuja, jiko mkononi na mtoto mgongoni, kila mlango ulimfukuza, moshi, walisema. Mzee Kiti, mpakuzi wa mizigo bandarini aliyestaafu, akausogeza mkeka wake akamwambia, "Weka hapo, mwanangu. Mimi moshi nimeuzoea." Basi. Hakutaka kitu, wala hakulitaja tena jambo hilo.

Sasa mzee alikuwa akirudi kwao Kaloleni moja kwa moja, na safari ni kesho alfajiri. Meno yalimbakia manne, na hayo manne hayakutani. Mwaka mzima chakula chake ni mchuzi na mkate wa kuchovya. Dama akaapa moyoni kwamba mzee hataondoka bila kula nyama ya mkono wake, nyama ya kutafuna, si supu.

Jumamosi hiyo saa nne asubuhi akachoma kijiti kimoja cha kuonja. Akatafuna. Akatafuna tena. Nyama ngumu kama kandambili.

Akaketi kwenye kibao, kijiti mkononi. Papai bichi la kulainishia alilitia, tena maradufu ya siku zote.

Hapo akapita Jacinta, mtunzaji wa maabara katika shule moja ya Kizingo, mteja wake wa kila Jumamosi.

"Mwalimu wa chupa," Dama akamwita, maana ndivyo amwitavyo, "papai limenigeuka."

"Limekugeuka vipi? Ulilitiaje?"

"Nililikuna, nikalichemsha na ukwaju na thomu, likatokota sawasawa. Juzi viungo vilinichachia, nikaona safari hii nivipike kabisa. Nikatia nyama, nikaiweka kwenye friji tangu jana jioni."

Jacinta akacheka mpaka akashika mlango. "Dama, wewe muuaji. Umewachemsha, kisha maiti ukawatia barafuni."

"Kina nani hao?"

"Vimeng'enya. Ule utomvu mweupe wa papai bichi una vitu vidogo visivyoonekana, na kazi yao ni kuikatakata nyama. Vichukulie kama makasi. Yakishakata huku yahamia kule, wala hayapungui. Ila haya ni ya nyama tu, mafuta hayayagusi. Makasi hukata kwa umbo lake. Ukiyachemsha umbo laharibika, hayakati tena. Baridi haiyaui, huyalaza tu. Na ukwaju ukizidi, yalegea."

"Na mimi nilitia maradufu."

"Hata ungetia kumi. Mfu hafanyi kazi."

"Mzee asafiri kesho, Jacinta."

Jacinta akaacha kucheka. "Tafuta papai jingine, bichi, lenye utomvu. Likune na ganda lake, usilipashe moto. Nyama nyingine, vipande vidogo, makasi yapate pa kuingilia. Ukwaju weka mwisho. Iache papa hapa kwenye joto letu saa moja."

"Si heri mbili, ilainike zaidi?"

"Mbili utampa mzee uji."

Dama akaenda sokoni mbio, buibui likipepea. Akafanya alivyoambiwa, akakaa kulitazama bakuli kama mtu anayemlinda mgonjwa. Saa ilipotimia akatunga vijitini, akaweka jikoni. Kwanza moto wa pole, maana Jacinta alimwambia pia kwamba makasi yakipata uvuguvugu hukata upesi zaidi. Kisha akapepea makaa, moto ukawa mkali, yafe kazi yao ikiwa imekwisha.

Mzee Kiti alitoka msikitini adhuhuri, akaketi barazani. Dama akamwekea sahani. Mzee akaitazama nyama, akamtazama Dama, akatia kipande kinywani. Taya zikaenda, zikasimama.

"Dama."

"Naam, baba."

"Nani ameitafuna kabla yangu?"

"Papai, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akachukua kipande cha pili, na cha tatu, mkate hakuugusa. Dama alikuwa ameyapanga maneno yake tangu juzi. Akakaa karibu naye.

"Baba, siku ile nilipokuja na jiko, ukausogeza mkeka..."

"Huu moshi wako leo waniingia machoni," akasema Mzee Kiti, akijifuta kwa ncha ya kikoi. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuulalamikia. "Hebu niongezee kijiti."

Dama akamwongezea viwili.